Barua ya Mnunuzi: Historia Fupi ya Utapeli wa Malipo kwa Wasanii

Mwezi wa Juni mwaka 2021 kaka yangu mkubwa, ambaye ni mchoraji hapa Kigali, alinipa simu yake akasema, "Nisomee hii vizuri. Kiingereza changu ni cha kusalimia, si cha biashara." Ilikuwa barua pepe kutoka kwa mtu aliyejitambulisha kuwa mhandisi wa meli. Alisema mke wake amekuwa akitazama michoro ya kaka yangu mtandaoni, na kwa kuwa siku ya kukumbuka ndoa yao ilikuwa inakaribia, alitaka kumshangaza kwa zawadi. Aliomba kujua bei ya michoro mitatu na njia ya kulipa.

Nilimfasiria kaka yangu barua ile sentensi kwa sentensi, na hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Kiingereza cha barua kilikuwa na kasoro nyingi. Mwandishi alimwita kaka "Bibi" mwanzoni na "Bwana" mwishoni. Sentensi moja ilianza kwa wingi ikaishia kwa umoja. Hakutaja jina la mchoro hata mmoja, aliandika tu "kazi yako nzuri". Mimi, mwanafunzi wa lugha niliyezoea kusahihishwa na kusahihisha wenzangu, niliyanyoosha yote. Nilipomaliza, kaka alisikia barua ya muungwana, iliyoandikwa kwa Kiswahili safi, na akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Watalii walikuwa hawaji tangu Machi 2020. Alikuwa hajauza mchoro tangu wakati huo.

Nitasimulia mwisho wa kisa hiki baadaye. Katika insha hii nataka kwanza kuuliza swali ambalo sisi wanafunzi wa historia tunafundishwa kuuliza mbele ya kila hati: barua hii imetoka wapi? Simaanishi ilitoka nchi gani wala kwenye kompyuta ya nani, kwa maana hayo sikuyapata. Namaanisha ukoo wake. Barua kama ile ina babu na mababu, na niliposoma habari zao niligundua kwamba karibu kila kiungo cha mwili wake kilikuwa kimeshaundwa zamani na watu ambao hawakuwahi kusikia neno intaneti.

Babu wa mbali ninayemfahamu anaishi katika kumbukumbu za Mfaransa Eugène-François Vidocq, mfungwa wa zamani aliyegeuka kuwa mkuu wa wapelelezi wa Paris. Kumbukumbu hizo zilianza kuchapishwa mwaka 1828. Vidocq anaeleza jinsi wafungwa wa magereza ya Ufaransa walivyokuwa wakiwaandikia matajiri wa mikoani barua zilizoitwa "barua za Yerusalemu". Mwandishi alijifanya mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia Mapinduzi ya 1789. Njiani, alidai, walilazimika kuficha sanduku la dhahabu na almasi. Sasa yeye yuko kifungoni, anajua sanduku liliko, na anahitaji kiasi kidogo tu cha fedha ili mambo yaende. Vidocq anadai kwamba katika barua mia moja, ishirini zilijibiwa.

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa barua za namna hiyo zilikuwa zikitumwa kutoka Hispania kwenda Uingereza na Marekani, zikajulikana kama za "mfungwa wa Hispania". Miaka ya 1980 zikaanza kutoka Nigeria kwa posta na faksi, na baadaye kwa barua pepe. Mfungwa akawa mjane wa jenerali au ofisa wa benki, na sanduku likawa akaunti iliyosahaulika. Utapeli huo ukaitwa kwa namba 419, ambayo ni kifungu cha Kanuni ya Adhabu ya Nigeria kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Si haki kuuona kama uvumbuzi wa Wanigeria, wala wa Waafrika. Wanigeria waliurithi, kama Wahispania walivyoukuta kwa Wafaransa.

Kuna jambo moja katika ukoo huu lililonifanya nicheke peke yangu maktabani. Nchini Kenya, mtu akipigiwa simu ya kuambiwa kwamba ametumiwa pesa kimakosa, husema hao ni "watu wa Kamiti", yaani wafungwa wa gereza kubwa lililo nje kidogo ya Nairobi. Magazeti ya Kenya yameandika mara nyingi juu ya simu za utapeli zinazopigwa kutoka ndani ya kuta zile. Karibu miaka mia mbili baada ya Vidocq, mfungwa yuleyule bado yupo kifungoni na bado anaandika. Ameachana na kalamu tu.

Lakini barua ya kaka yangu haikuwa na sanduku la dhahabu. Mwandishi hakuahidi utajiri. Aliahidi kitu kidogo na cha heshima zaidi, yaani kununua mchoro kwa bei aliyoitaja mchoraji mwenyewe. Ili kuelewa jinsi utapeli ulivyofika hapo, inabidi niondoke kwenye historia ya barua niingie kwenye historia ya malipo.

Katika nchi yetu, kabla ya sarafu, kulikuwa na kitu kimoja ambacho wachoraji wa leo wangekipenda. Kuzunguka Ziwa Kivu, katika karne ya kumi na tisa, watu walifanya biashara kwa kutumia ubutega, yaani bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea ya msituni upande wa magharibi wa ziwa. Wanawake wa Rwanda walizivaa miguuni. Mwanahistoria David Newbury ameonyesha kwamba bangili hizo zilikubalika katika kununua vitu vingine, kama fedha. Kazi ya mikono ndiyo iliyokuwa malipo. Anayepokea aliishika, aliihesabu, aliikagua ususi wake, na hapakuwa na muda kati ya kuona na kupokea.

Kisha wakaja Wajerumani na rupia yao, na mwaka 1904 wakaigawa katika heller mia moja, ambayo Watanzania wanaikumbuka kila siku wanaposema "hela". Kigali yenyewe ilianzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, na wafanyabiashara wa Kihindi, Waarabu na Waswahili wa pwani wakaja na bidhaa zao pamoja na lugha hii ninayoandikia. Baada ya mwaka 1916 Wabelgiji wakaleta faranga ya Kongo. Sarafu zilibadilika lakini namna ya kulipana haikubadilika sana: mkono kwa mkono, uso kwa uso.

Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi walikuwa na chombo cha kulipana kwa mbali, nacho ni hundi, karatasi iliyomwagiza mtu wa Bombay amlipe mtu wa Unguja au kinyume chake. Naisisitiza kwa sababu neno hilo tumelihifadhi kwa ajili ya karatasi ya benki, na mara nyingi tunasahau kilichoifanya hundi ya kale ifanye kazi. Aliyeiandika na aliyeilipa walifahamiana, kwa undugu, kwa dini au kwa mkopo wa muda mrefu, na aliyedanganya mara moja hakupata mlango wa kuingilia tena. Hundi ya benki ilichukua jina la ile ya zamani bila kuchukua kufahamiana kwake.

Nako kwenye sanaa, ilichukua muda mrefu hadi msanii wa Afrika Mashariki akawa mtu wa kuuza kwa asiyemjua. Imigongo, ile michoro ya pembe na mistari inayotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe kule Kirehe, ilikuwa pambo la ukuta wa nyumba, haikuhamishika. Agaseke, kikapu chetu chenye kifuniko kilichochongoka, kilipelekwa harusini. Hata Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye mbao laini za dari, aliuza nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako Mzungu alisimama mbele ya mchoro, akatoa noti, akaondoka nao. Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 waliodhani ni mwizi. Matatizo ya wachoraji wa kizazi chake yalikuwa mengi, lakini malipo hewa hayakuwa miongoni mwake.

Rwanda ilibadilika haraka sana katika miaka ya 2000. Mwaka 2005 duka kubwa la Macy's nchini Marekani lilianza kuuza vikapu vya Rwanda. Mwaka 2007 Collin Sekajugo alianzisha Ivuka hapa Kigali, na mwaka 2012 ndugu wawili, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza, wakafungua Inema huko Kacyiru. Vijana wengi, kaka yangu akiwa mmoja wao, walianza kuamini kwamba mtu anaweza kuishi kwa brashi. Wanunuzi wao wakubwa walikuwa wageni. Mgeni akisharudi kwao, mazungumzo yaliendelea kwa simu, na baada ya Machi 2020 hapakuwa na mazungumzo mengine isipokuwa ya simu. Mnunuzi asiyeonekana akawa wa kawaida. Ni katika ukawaida huo tapeli anajificha, maana barua yake haitofautiani kwa lolote la msingi na barua ambayo mchoraji anaiota.

Sasa nifike kwenye hundi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo utapeli wa wasanii ulipopata umbo lake kamili, na kiini chake kiko kwenye sheria moja ya Marekani. Mwaka 1987 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuzilazimisha benki zisikae na fedha za wateja muda mrefu. Wateja walikuwa wakilalamika kwamba wanaweka hundi leo na kuruhusiwa kutumia fedha baada ya wiki. Baada ya sheria hiyo, hundi za aina fulani, hasa zile zinazotolewa na benki yenyewe, ilibidi fedha zake zionekane kwenye akaunti siku ya kazi inayofuata. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini kuonekana kwa fedha kwenye akaunti si sawa na kulipwa. Hundi bado ilipaswa kurudi kwenye benki iliyoitoa ili kuthibitishwa, na ikiwa ni ya bandia, ukweli ungejulikana baada ya siku nyingi, pengine wiki kadhaa. Hapo benki ingechukua fedha zake kwa mteja aliyeiweka, hata kama alikuwa ameshazitumia.

Kwa hiyo sheria ilizalisha kipindi ambacho mtu ana fedha na hana. Tapeli akajenga nyumba yake humo. Anakubali kununua mchoro kwa dola 1,000. Anatuma hundi ya benki ya dola 2,500. Anaomba radhi: karani wake amekosea, au ameongeza kusudi fedha za msafirishaji ambaye hapokei hundi. Anamwomba mchoraji, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, amtumie msafirishaji dola 1,500 kwa njia ya haraka. Mchoraji anaangalia akaunti, anaona 2,500 zimeingia, anatuma. Baada ya wiki mbili hundi inarudi ikiwa batili. Msafirishaji hakuwahi kuwapo, na fedha alizotumiwa zilikuwa za mchoraji mwenyewe.

Mtego huu umewanasa wauza magari na wenye nyumba za kupanga pia. Lakini nimejiuliza kwa nini unawafaa wachoraji kiasi hiki, na nadhani sababu ziko kwenye kazi yao wenyewe. Gunia la mahindi lina bei ya soko, na mtu akikubali kulinunua kwa bei ya juu utamshangaa. Mchoro hauna bei ya namna hiyo, kwa hiyo mnunuzi asiyepunguza bei hamshangazi mchoraji, anamfurahisha. Mchoro unahitaji kufungwa na kusafirishwa, hivyo mtu wa tatu, yule msafirishaji, anaingia kwenye hadithi bila kubisha hodi. Halafu liko jambo ambalo wachoraji hawapendi kulisema. Tapeli wa mahindi anasifu mahindi. Tapeli wa michoro anamsifu mtu. Kaka yangu alikuwa amekaa miezi kumi na tano bila mtu kumwambia kwamba kazi yake ni nzuri, na aliyemwambia alikuwa ni yule.

Hundi ya Marekani haikufika kwetu, kwa sababu Wanyarwanda wengi hawajawahi kushika hundi maishani. Mtego ulivuka bahari ukiwa umeacha hundi nyuma, kama mtu anayebadilisha nguo mpakani. Mwezi Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, mwaka uliofuata huduma ikaingia Tanzania, na mwaka 2010 MTN ikaanza kutuma pesa kwa simu hapa Rwanda. Fedha sasa zilikuwa ujumbe mfupi. Na kama fedha ni ujumbe, basi ujumbe unaweza kuonekana kama fedha. Mtu anapokea maneno yanayofanana neno kwa neno na yale ya kampuni, kwamba ameingiziwa faranga 50,000. Baada ya dakika moja simu inaita, sauti ya unyonge inasema, "Samahani, nimekosea namba, nirudishie." Asiyeangalia salio anarudisha fedha ambazo hakupewa. Tazama jinsi mbinu ilivyo ileile ya hundi: kuna ziada iliyokuja kwa bahati mbaya, kuna ombi la uaminifu, na kuna haraka.

Tanzania ilitoa mbinu yake, fupi kuliko zote, ujumbe unaosema ile pesa uitume kwenye namba hii. Hauna jina la mtu wala sababu. Unatumwa kwa maelfu ya watu kwa kutegemea kwamba mmoja wao, leo hii, anadaiwa kodi ya nyumba na anasubiri kuelekezwa pa kutuma. Vidocq angeuheshimu ujumbe ule. Hapa kwetu watu wa kazi hii tunawaita abatubuzi, kutokana na kitenzi gutubura, kuzidisha, kitenzi kilekile ambacho wakulima wanakitumia kwa kuzalisha mbegu.

Mwezi Machi 2020 Benki Kuu ya Rwanda iliondoa kwa miezi mitatu makato ya kutuma pesa kwa simu ili watu wasishikane mikono na noti. Ulikuwa uamuzi wa busara na uliokoa wengi. Ndipo hata wauza mboga wa Kimironko walipozoea kulipwa kwa simu. Kaka yangu naye alizoea. Ilipofika 2021 malipo kwake yalikuwa ni kitu kinachotangazwa na skrini.

Ndiyo maana hakushtuka pale mhandisi wa meli alipokubali dola 1,400 kwa michoro mitatu siku ileile aliyotajiwa bei, wala alipoandika kwamba yuko baharini, hawezi kupiga simu, na wakala wake wa usafirishaji atakuja kuichukua. Siku mbili baadaye ikaja barua nyingine, yenye nembo ya kampuni inayojulikana ya malipo ya mtandaoni. Ilisema dola 1,820 zimepokelewa kwa jina la kaka yangu, lakini zimezuiwa mpaka athibitishe kwamba 420 za wakala zimekwisha kutumwa. Akishatuma namba ya risiti, fedha zote zitafunguliwa. Niliisoma barua hiyo. Niliifasiri. Anwani iliyoituma ilikuwa ya huduma ya bure ya barua pepe ambayo hata mimi ninaitumia, na niliiona, na nikaamini kwamba labda ndivyo wanavyofanya.

Kaka hakuwa na faranga 420,000. Mama alikuwa zamu yake kupokea fedha za ikimina, chama cha akina mama wanaouza vitenge Nyamirambo, na alikubali kumkopesha. Kaka alizituma kupitia dirisha la kutuma fedha nje, kwa jina la mtu aliye katika nchi ya tatu, ambayo si ya mhandisi wala si ya wakala. Jioni ile tulikunywa fanta. Kesho yake barua ikaja kwamba kuna ushuru wa dola 250.

Ni mama aliyekitegua kitendawili, naye hasomi Kiingereza. Alisikiliza, akaweka kikombe chini, akauliza, "Mtoto wangu, mtu aliyekulipa anakudai nini tena?"

Tuliripoti. Tulisikilizwa kwa heshima na maelezo yetu yakaandikwa. Rwanda ina sheria ya makosa ya mtandao tangu mwaka 2018, na Ofisi ya Upelelezi, RIB, huwakamata abatubuzi mara kwa mara. Lakini fedha zetu zilikuwa zimechukuliwa katika nchi nyingine siku ileile zilipotumwa, na sheria haivuki mpaka kwa kasi ya ujumbe mfupi.

Kwa muda mrefu kaka aliamini kwamba alitapeliwa kwa sababu hakusoma sana. Nilimsimulia habari za jumba la makumbusho la Rijksmuseum Twenthe, mjini Enschede, Uholanzi. Mwaka 2018 jumba hilo lilikuwa linanunua mchoro wa John Constable wa mwaka 1824 kutoka kwa Simon Dickinson, mfanyabiashara wa sanaa wa London. Mazungumzo yalikwenda kwa barua pepe kwa miezi. Mtu asiyejulikana akaingia katikati ya barua hizo, akaandika kama mmoja wao, akatoa namba mpya ya akaunti, na jumba la makumbusho likalipa pauni milioni 2.4 kwenye benki ya Hong Kong. Mwaka 2020 pande mbili zilikuwa mbele ya Mahakama Kuu ya London, kila mmoja akisema mwenzake ndiye aliyeacha mlango wazi. Hawa walikuwa watu wenye wanasheria. Hakuna aliyepiga simu kuuliza kama namba ya akaunti imebadilika kweli. Kaka alisikiliza hadi mwisho akauliza, "Na mchoro, nani alibaki nao?" Nikamjibu kwamba ulibaki kwa wanunuzi. Alifikiri kidogo akasema basi wao walau wana kitu ukutani.

Tangu hapo nimezisoma tena barua za mhandisi, kumi na moja kwa jumla, kama tunavyofundishwa kuhakiki hati. Kitu cha kwanza ninachokiona sasa ni yale yasiyosemwa. Hakuna mchoro uliotajwa kwa jina, kwa ukubwa wala kwa rangi, ingawa mtu anayenunua kitu cha kutundika sebuleni huuliza kwanza kama kitaenea. Hakuna kupunguza bei, nami nimekulia Nyamirambo, sijawahi kuona mtu anayekitaka kitu kweli asijaribu kupunguza. Hakuna sauti, maana bahari ilizuia simu lakini haikuzuia barua kumi na moja. Na fedha katika barua zote zina mwelekeo mmoja. Mwanzoni ni za kuja. Kuanzia barua ya tano ni za kwenda, na maneno "leo" na "haraka" yanaongezeka kadiri zinavyokaribia kwenda. Bibi na Bwana vilikuwa pale tangu mstari wa kwanza, alama ya barua moja iliyotumwa kwa wachoraji wengi bila kubadilishwa vizuri. Alama hiyo niliifuta mimi.

Wenzangu tunaosomea ufasiri tunajua mjadala wa kama mfasiri arekebishe makosa ya mwandishi au ayaache. Darasani tuliuzungumza kama suala la mtindo. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na wengi wetu tutaishi kwa kuwasomea watu barua wasizozielewa, mahakamani, hospitalini, benki. Mimi sasa nayaacha makosa yalivyo, na nayasoma kwa sauti.

Barua zimeendelea kuja. Mwishoni mwa 2021 walianza kuandika watu waliotaka kununua michoro kama mali ya kidijitali kwa bei za kushangaza, ilimradi kaka alipie kwanza ada ya kuisajili kwenye tovuti ambayo wao wenyewe walimwelekeza. Alinionyesha moja, akaihesabia mistari kabla fedha haijageuka mwelekeo. Ilikuwa minne. Siku hizi anayetaka mchoro wake kutoka mbali anaombwa apige simu ya video, achague mbele ya macho, na fedha zikiingia kaka haamini ujumbe wala barua. Anafungua akaunti yake mwenyewe, anajaribu kutoa sehemu, anakwenda dirishani kuuliza kama zinaweza kurudishwa. Msafirishaji anamtafuta yeye. Amepoteza wateja wawili waliokasirishwa na maswali yake, na hajui kama walikuwa wa kweli.

Deni la ikimina alilimaliza mwezi wa nne mwaka uliofuata, kwa kuchora mabango ya saluni na mgahawa mmoja wa Biryogo. Ile michoro mitatu tuliyoifunga kwa plastiki na mbao siku ile tuliyokunywa fanta bado imeegemea ukuta wa chumba chake, haijafunguliwa. Juu ya kifurushi, kwa mwandiko wangu, imeandikwa anwani ya wakala.